Wenye miradi ya programu huria, acheni kutupa matoleo yasiyobildika

Wakuu, leo nina hasira na sifichi. Kuna mradi mmoja, jina silitaji, wametangaza toleo jipya kwa mbwembwe zote, nashusha tar.gz yao (faili lililofungwa lenye msimbo) nafungua, folda ya third_party, ya maktaba za watu wengine, iko tupu! Kumbe wanatumia sabmodyuli za git (git ni mfumo wa kutunza historia ya msimbo, sabmodyuli ni miradi mingine iliyounganishwa ndani yake kwa kiungo tu), na ile tar.gz ya "Source code" GitHub, tovuti inayohifadhi miradi, inaitengeneza yenyewe kutoka kwenye tagi, yaani alama ya toleo, sabmodyuli haziingii humo. Hii inajulikana miaka yote, ila mwenye mradi hajawahi kushusha faili lake mwenyewe akajaribu kulibildi, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu, anabildi kwenye laptop yake ambayo kila kitu kimo, ikikubali anatangaza.

Haya, nikajaza folda kwa mkono. CMake, chombo chao cha kubildi, nayo ikagoma, eti haioni git, maana namba ya toleo wanaipata kwa amri ya git describe na ndani ya tar.gz hakuna folda ya .git, mwisho programu inajiita 0.0.0. Nikalipita hilo, mara FetchContent ya CMake inaanza kushusha maktaba nyingine katikati ya kubildi!! Bando langu hilo jamani. Na Debian (mfumo endeshi wa Linux) hawaruhusu kabisa kubildi kifurushi huku unagusa intaneti, sasa anayewapakia programu yenu kule afanyeje?

Halafu asije mtu kuniambia turudi autotools, vyombo vya zamani vya kubildi, kwa sababu amri yake ya make dist inafunga kila kitu. Inafunga ndio, mpaka visivyokuwepo kwenye git. Xz, programu ya kubana faili iliyopachikwa mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) 2024, mmeshaisahau? Toleo 5.6.0 na 5.6.1, lile faili la build-to-host.m4 lililochezewa, linaloingia kwenye skripti ya configure, lilikuwa kwenye tar.gz tu, kwenye git halikuwepo, na nani anakaa kusoma skripti ya configure yenye maelfu ya mistari? Isingekuwa mhandisi Andres Freund kushangaa mbona ssh (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inachelewa kama nusu sekunde, ule mlango wa nyuma ungeingia kwenye seva za dunia nzima.

Kuna Meson, chombo kingine cha kubildi: amri yake ya meson dist inachukua kilichokomitiwa kwenye git tu, inakifungua pembeni, inabildi na kurun test ndio inakupa faili. Amri moja! Systemd (ya kuwasha huduma za Linux) walihamia Meson tangu 2017, PostgreSQL (ya hifadhidata) wakaiongeza toleo la 16. Mnaopenda CMake bakini nayo, sina ugomvi, ila kabla hamjatangaza chukueni faili lile lile mnalotupa sisi, liwekeni kwenye kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta) isiyo na git wala intaneti, libildini humo, likigoma msitangaze. Namba ya toleo iandikeni kwenye faili la kawaida, mnashindwa nini?

Kilichoniuma zaidi ni majibu. Nimefungua ishu (ripoti ya tatizo) kwao nikaeleza kila hatua na logi nikaweka, mtu anajibu "tumia git clone", yaani ninakili mradi moja kwa moja kutoka git, halafu anaifunga. Sasa hiyo tar.gz mmeiweka ya nini? Kama kuna mradi unawasumbua hivi semeni, twende tukawaandikie na pachi (marekebisho ya msimbo) tuwape.