Marekani: pesa ya mkulima na pesa ya mlaji zikae kapu moja au zitenganishwe? Karibuni tujadili

Mama Lengalenga (mwanzisha mada)

Jambo kwenu wote. Mimi ni mama wa Fizi, Kivu Kusini. Nimeishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa jimbo la Iowa, Marekani, na sasa nalima robo ekari ya kukodi nje ya Des Moines: lengalenga (mchicha), matembele, nyanya chungu, pilipili. Jumamosi nauza sokoni. Pande zote nne za kipande changu ni mahindi na soya hadi macho yanapoishia. Mgeni akiyaona anadhani huku njaa haiwezi kukanyaga. Lakini mahindi yale hayasagwi unga wa ugali. Mengi huenda viwandani kutengenezwa ethanoli ya magari, mengine hulisha nguruwe na ng'ombe. Mboga nyingi zinazoliwa mjini huletwa na malori kutoka mbali, hasa California.

Hali hiyo haikuletwa na mvua wala udongo. Imeandikwa kwenye sheria, na sheria yenyewe ndiyo nataka tuijadili.

Inaitwa Sheria ya Kilimo. Ya kwanza ilipitishwa mwaka 1933, enzi za Rais Roosevelt, bei za mazao zilipoporomoka na wakulima wakawa wanapokonywa mashamba kwa madeni. Bunge linatakiwa kuiandika upya kila baada ya miaka mitano hivi. Mwaka 1973 ziliingizwa humo fudi stempu, pesa ya chakula kwa familia zenye kipato kidogo, ambayo leo inaitwa SNAP. Ilikuwa hesabu ya kura. Wabunge wa vijijini walikuwa wanapungua, na wa mijini hawakuona kwa nini wapigie kura bei ya ngano. Basi wakatia vyote kapu moja: wewe nibebee mkulima wangu, mimi nitakubebea mlaji wako. Siku hizi sehemu kubwa zaidi ya pesa ya sheria hii ni ya chakula cha familia. Inayobaki ndiyo ya ruzuku za mazao, bima, hifadhi ya udongo, utafiti na mengineyo.

Sasa wapo wanaotaka kapu lipasuliwe. Mwaka 2013 Baraza la Wawakilishi lilijaribu, mwaka 2014 vikarudishwa pamoja. Sheria kamili ya mwisho ni ya 2018. Muda wake uliisha Septemba 2023, na tangu hapo inasogezwa mwaka mmoja mmoja.

Mimi nasema lisipasuliwe. Jiko lina mafiga matatu: mkulima, mlaji na udongo. Naona figa moja limeshaanza kung'olewa, na wala haikuhitajika sheria ya kulitenga. Ile sheria ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025 ilipunguza SNAP kwa takriban dola bilioni 186 katika miaka 10, kwa hesabu ya ofisi ya bajeti ya Bunge lenyewe. Hiyohiyo ikaongeza zaidi ya bilioni 60 kwenye ruzuku na bima za mashamba. Bei ya kinga ya soya ikapandishwa kutoka dola 8.40 hadi 10 kwa busheli (kipimo chao cha nafaka), ya mahindi kutoka 3.70 hadi 4.10. Soko likishuka chini ya hapo, serikali inafidia pengo. Lengalenga haina bei ya kinga. Nyanya haina, karoti haina, kabichi haina. Ukitaka kujua kwa nini Iowa inalima isichokula, anzia hapo.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Sheria hiyohiyo iliwaondoa wakimbizi kwenye SNAP mpaka wapate grinikadi, kibali cha kuishi huku moja kwa moja. Mtu anashuka uwanja wa ndege na watoto wanne, hajui lugha, hana kazi, na huo ndio mwaka anaohitaji kadi ya SNAP kuliko mwaka mwingine wowote. Mimi ilininunulia unga wa kwanza. Ilininunulia pia mbegu za kwanza, maana wengi hawajui kwamba kadi ya SNAP inaruhusiwa kununua mbegu na miche ya chakula. Shamba langu lilianzia pale.

Semeni nanyi.

Dereva wa Nafaka

Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Mbeya, mwaka wa sita naendesha lori la nafaka huku Nebraska na Iowa. Nakuheshimu, ila hawa wakulima unawaonea.

Mwaka 2025 China iliacha kununua soya ya Marekani tangu Mei, miezi mingi, kwa sababu ya vita vya ushuru. Mavuno yalipoanza nilikaa foleni kwenye maghala yaliyojaa mpaka pomoni. Mkulima kakopa mbolea, kakopa mbegu, riba iko juu, halafu mnunuzi mkubwa hayupo. Yeye hakuanzisha ule ugomvi. Serikali ilipotangaza msaada wa dola bilioni 12 Desemba ile, wenye mashamba ninaowabebea walisema hautoshi hata kulipia hasara. Ukiwaondolea ruzuku, ardhi yao haitakuja kwako, mama. Atainunua jirani mwenye ekari 5,000.

Halafu kuna mpango wa NAP kwa mazao yasiyo na bima ya kawaida, mboga zimo. Umeshawahi kuomba?

Kuhusu kapu, mimi nasema lipasuliwe. Tangu 2023 hakuna sheria mpya kwa sababu wabunge wanagombania SNAP. Mkulima anataka kujua kanuni kabla hajapanda. Kilimo kiwe na sheria yake, chakula cha familia kiwe na yake, kila moja ijadiliwe kwa sababu zake.

Muuguzi wa Ohio

Naungana na dereva kupasua kapu, lakini kwa sababu ya upande wa pili kabisa.

Mama, kumbuka Oktoba na Novemba 2025 serikali ilipofungwa kwa sababu Bunge halikupitisha bajeti. Ofisi za kilimo za wilayani zilifunguliwa tena Oktoba ili malipo ya wakulima yatoke. Sikatai, walikuwa na shida. Lakini Novemba ilipoingia, pesa ya SNAP ikakwama, na wanaoitegemea ni karibu watu milioni 42. Kliniki ninakofanya kazi walikuja wagonjwa wa sukari waliokuwa wakiruka milo. Ukiruka mlo na umechoma insulini unaweza kuanguka.

Hao wako kapu moja na wakulima kwa miaka zaidi ya 50. Siku ya shida kapu limewafaa nini? Mimi nasema pesa ya chakula ihamishwe ikae na mambo ya afya, ilipwe moja kwa moja kama pensheni ya wazee, isingoje kura ya bajeti kila mwaka. Mwenye njaa asiwe mateka wa bei ya soya.

Msomaji wa Kakuma

Huku kambini sheria hiyo tunaisoma kwenye magunia. Msaada wa chakula wa Marekani ulianza na sheria ya mwaka 1954, wakati maghala yao yalikuwa yamezidiwa na nafaka, na mpaka leo kanuni zake hurekebishwa ndani ya Sheria ya Kilimo hiyohiyo. Mtama, njegere za manjano, mafuta, vyote vilikuja na maandishi kwamba ni zawadi ya watu wa Marekani. Mwaka 2025 mgao ulikatwa, watu wakaandamana.

Mnapojadili kapu la huko, kona yetu imo humo, na mbunge hatuna.

Mama Lengalenga

Ndugu wa Kakuma, asante. Nimekula mtama wa magunia hayo Nyarugusu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku nitaishi jirani na watu wanaopiga kura juu yake.

Dereva, marahaba mwanangu. Kweli NAP ipo. Niliuliza kwenye ofisi moja. Yule kijana alikuwa mpole, akatafuta lengalenga kwenye orodha yake hakuiona, akaniomba kumbukumbu za mavuno ya miaka iliyopita na mkataba wa ardhi. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na mavuno nilikuwa naandika kwenye daftari kwa mafungu. Nimeanza kuandika kwa kilo. Nitarudi. Lakini ona tofauti: mwenye mahindi analipiwa karibu asilimia 60 ya gharama za bima bila ukomo wa idadi ya ekari. Kadiri anavyolima zaidi ndivyo anavyolipiwa zaidi. Kisha unaniambia ruzuku inamzuia jirani mwenye ekari 5,000? Ruzuku ndiyo inayompa nguvu ya kukodi shamba la mwenzake kwa bei ambayo mwenzake haiwezi.

Nataka tuongee juu ya figa la tatu, maana nyote mmeliruka.

Juni 2025 wakazi wa Des Moines na miji jirani walikatazwa kumwagilia nyasi. Mito ilikuwa na maji ya kutosha, ila yalikuwa na naitreti nyingi mno, na mitambo ya kuichuja ilikuwa inaelemewa. Kiwango kisichotakiwa kuzidi ni miligramu 10 kwa lita. Naitreti hiyo, sehemu kubwa, ni mbolea na samadi zinazotoka mashambani, zinapita kwenye mabomba ya kutoa maji shambani yaliyofukiwa chini ya udongo, zinaingia mtoni, kisha zinateremka na Mississippi mpaka Ghuba ya Mexico, ambako kila kiangazi samaki wanakosa hewa. Mamlaka ya maji ya Des Moines ina mtambo wa kuitoa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2015 ilizishtaki wilaya tatu za juu ya mto, mwaka 2017 mahakama ikatupa kesi. Kwa hiyo mama wa mjini analipia ankara ya maji kusafisha kitu ambacho kodi yake ilisaidia kukimwaga.

Tangu 1985 Sheria ya Kilimo ina sharti: ukitaka ruzuku, usiache ardhi ya mteremko iliwe na mmomonyoko, usikaushe ardhi oevu. Sharti zuri. Lakini juu ya mbolea inayovuja halisemi kitu. Mwaka 2022 zilitengwa dola bilioni 19.5 zaidi za hifadhi, na wakulima walijipanga foleni kuziomba kuliko pesa iliyokuwepo. Kweli, sheria ya 2025 haikuzifuta zilizobaki, ilizitia kwenye bajeti ya kudumu, hilo nawapa haki yao. Ila iliondoa sharti kwamba zitumike kwa kazi za kupunguza madhara ya hali ya hewa.

Muuguzi, hoja yako imenilemea, na usiku nimeifikiria sana. Kwamba SNAP isingoje kura ya kila mwaka, nakubali kabisa. Lakini ukiitoa kwenye kapu, nani atabaki mezani kuulizia maji? Wabunge wa mijini wataondoka, wabaki wa mahindi na wa pamba wanaandikiana wenyewe. Mpigakura wa Des Moines anayekunywa yale maji hatakuwa na mtu ndani ya chumba kile. Wewe unataka mlaji awe salama, mimi naogopa akiondoka udongo utabaki yatima.

Muuguzi wa Ohio

Hilo la maji sikulifikiria. Lakini mama, miaka 50 walaji walikaa mezani, na naitreti bado ipo mtoni.

Mama Lengalenga

Ipo, kwa sababu walioketi walipigania kadi tu. Hawakuulizia mto.

Dereva wa Nafaka

Mama, naomba niongeze kitu kimoja. Iowa ina mpango wake wa jimbo: mkulima akipanda zao la kufunika udongo majira ya baridi, mfano rai (nafaka jamii ya ngano), anapunguziwa dola 5 kwa ekari kwenye bima. Rai ile inafyonza naitreti kabla haijafika kwenye mabomba. Naiona Machi, shamba moja la kijani katikati ya mengine meusi. Tatizo, zaidi ya nusu ya ardhi ya Iowa ni ya kukodi. Anayelima hajui kama mwakani atakuwa pale, mwenye ardhi anakaa Chicago au Arizona, hakuna anayeona sababu ya kutia pesa kwenye udongo ambao huenda akauacha.

Mama Lengalenga

Hapo tumefika pamoja. Serikali kuu inalipa ile asilimia 60 ya bima hata hivyo. Iseme: anayefunika udongo apewe yote, asiyefunika apewe nusu, na mwenye ardhi anayetoa mkataba wa miaka mitano naye apate chake. Haihitaji dola mpya hata moja. Hawa unaowabebea nafaka, wangekubali?

Dereva wa Nafaka

Wawili najua wangekubali. Mmoja angenishusha kwenye lori. Jumatatu napakia karibu na Ames, nitawauliza wote watatu, nije niandike walichosema.