Tupeane uzoefu: mafunzo ya kufanya kazi kama timu yamebadilisha nini wodini kwenu?

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mkunga, hospitali ya wilaya. Kwetu kilicholeta mabadiliko ni zoezi fupi palepale leba, zamu ikianza: mdoli mezani, ambu (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) mkononi, mmoja anaongoza, mwingine anaangalia saa. Hospitali ya Haydom, kule Manyara, walishaliona hili. Baada ya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, watu waliweza vizuri kwenye mdoli, lakini kwa watoto wenyewe huduma haikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwenu je?

Mtu wa Usingizi: Niko chumba cha upasuaji. Ile orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ambayo Ifakara ilikuwa miongoni mwa sehemu 8 duniani zilizoijaribu kabla ya matokeo kutoka mwaka 2009, wengi wanaiwekea tiki tu kwenye karatasi. Sisi tulifundishwa kuisoma kwa sauti, na kabla ya kisu kila mmoja ataje jina na kazi yake. Nesi mgeni akishasikika mbele ya bingwa, haogopi tena kusema. Kuna siku dokta ameshashika uzi afunge tumbo, binti akasema, "Dokta subiri, gozi moja haijaonekana." Dokta akasimama. Wakahesabu upya gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, wakaipata nyuma ya mfuko wa uzazi. Yule mama angerudi na usaha tumboni.

Mama Zamu: Nakuunga mkono. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, zamani sote tulikimbilia kanula ya kuwekea dripu, maabara hakuna aliyekwenda. Sasa anayeongoza akitaka oksitosin, dawa ya kubana mfuko wa uzazi, anamtaja mtu kwa jina: "Sista Neema, oksitosin yuniti kumi, msuli." Anajibu, "Oksitosin kumi, msuli," akimaliza anasema, "Nimeshachoma." Hakuna dozi inayorudiwa wala kusahaulika.

Mhudumu wa Wodi: Jamani, na sisi wahudumu mtukumbuke. Semina za hotelini huwa za madaktari na manesi, lakini anayekimbia kufuata damu usiku ni mimi. Tulipoingizwa kwenye mazoezi ndipo nilipojua chupa ya sampuli isiyoandikwa jina maabara wanairudisha, na dakika zinapotea.

Clinical Bara: Mimi naona tatizo ni uhamisho. Mnafundishana mkazoeana, mwezi ujao nusu ya timu wamepelekwa OPD, kwa wagonjwa wa nje. Mnafanyaje?

Mleta mada: Mkuu, sisi kila wodi ina watu wawili wa kuendesha zoezi, na hawahamishwi kwa pamoja. Mgeni anaingia kwenye zoezi siku yake ya kwanza. Mhudumu, umesema kweli, kwetu pia walisahaulika mwanzoni. Wa zamu za usiku mbona kimya? Huko mazoezi mnayafanya saa ngapi?