Formula 1 ikirudi Afrika: pwani au nyanda za juu?

Mwanalami: Rwanda ilitangaza ombi lake la kuandaa mbio Desemba 2024. Kyalami, saketi ya karibu na Johannesburg, mchoro wake wa marekebisho ulikubaliwa na FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, mwaka 2025. Cape Town nao wanataka mbio zipite mjini. East London, mji wa bandari wa Afrika Kusini, hautajwi kabisa, na Grand Prix ya Afrika Kusini ilianzia huko! Tarehe 27 Desemba 1934 dereva Whitney Straight alishinda kwa gari la Maserati kwenye barabara za kawaida, mzunguko mmoja kama kilomita 24, Bahari ya Hindi ikionekana. Mwaka 1959 ikajengwa saketi fupi ya Prince George, kilomita 3.92, na ubingwa wa dunia ukafika hapo 1962, 1963 na 1965. Pwani hewa ni nzito, injini inapumua. Kyalami na Kigali ni mashindano ya kupanda mlima tu. Halafu mwaka 1962, bila uzembe wa mafundi wa timu ya Lotus, dereva wao Jim Clark angetwaa taji lake la kwanza la dunia palepale.

Nyanda za Juu: "Kupanda mlima" ndiyo nini? Kyalami iko kama mita 1,500 juu ya bahari, Kigali nayo ina karibu kimo hichohicho. Hewa inapungua uzito kwa asilimia kama 15. Injini isiyo na tabo (feni inayosukumia injini hewa) inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho, sawa. Lakini Formula 1 imerudi kwenye tabo tangu 2014. Tabo inazunguka kasi zaidi na kufidia. Kazi iko kwenye upoozaji: hewa nyepesi inabeba joto kidogo, kwa hiyo unafungua matundu ya bodi na kupanua njia za hewa za breki. Bawa nalo linakandamiza kidogo, ndiyo maana Mexico City, zaidi ya mita 2,200, wanafunga bawa kubwa kabisa na gari bado linateleza kwenye kona. Dereva anafanya kazi zaidi. Huo ni upungufu gani?

Fundi wa Tanga: Mimi naomba hilo neno "uzembe" lifutwe. Clark aliongoza mizunguko 61 kati ya 82. Boliti moja ikatoka kwenye injini ya Climax, oili ikamwagika, akaegesha. Mpinzani wake Graham Hill akashinda kwa gari la BRM, akachukua ubingwa. Hapo mnaona uzembe? Boliti ya chuma iliyobana aluminiamu ni tatizo la fizikia. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikipata moto boliti inavutwa, uso wa aluminiamu unabonyea kidogo. Ikipoa, mkazo ule haurudi wote. Rudia hivyo siku tatu za mazoezi, ongeza mtetemo wa injini ya V8, yenye silinda nane, nati inajifungua yenyewe.

Mwanalami: Kwa hiyo nani alaumiwe, bahari? Kama fizikia inajulikana, fundi anaizuia. Huo ndio uzembe niliousema.

Fundi wa Tanga: Inazuiwa kwa waya wa kufungia, na waya una masharti yake. Unatoboa vichwa vya boliti mbili jirani, unapitisha waya wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 0.8, unausokota mizunguko kama 3 kwa kila sentimita. Mvuto wake lazima uelekee upande wa kukaza. Ukiupitisha kinyume, waya unasaidia boliti kufunguka. Ukisokota kupita kiasi unadhoofika na kukatika. Boliti iliyo peke yake, isiyo na jirani, unaweza kuifunga kwa washa ya kukunja. Haya yote yanafanyika usiku, gari linatakiwa asubuhi. Anayemwita fundi huyo mzembe ashike spana kwanza.

Bandarini: Ndugu zangu, mmefika 1962 mkakwama. Swali lilikuwa saketi iende wapi.

Dada Chasisi: Na wakati mnalilia taji la Clark, kumbukeni ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi. Jukwaani watu walitengwa kwa rangi. Mnaposema Grand Prix "ilianzia huko", ni nani aliyeanza?

Mwanalami: Dada, sikutetea ubaguzi hata kwa herufi moja. Nazungumzia lami.

Dada Chasisi: Lami hiyo ilikuwa na milango, na milango ilikuwa na vibao. Ndiyo maana mbio za Formula 1 hazikufanyika tena Afrika Kusini baada ya 1985 hadi 1992. Ukitaja miaka, itaje yote.

Bandarini: Hilo ni haki yake kusema. Turudi kwenye vipimo. Mbio za kawaida ni kilomita 305. Kwenye kilomita 3.92 za Prince George hiyo ni mizunguko 78. Urefu unatosha, maana FIA inataka saketi mpya isipungue 3.5. Tatizo ni pembeni. Potters Pass, kona mojawapo ya saketi hiyo, ni ya kasi mno. Kuifanya salama leo unahitaji eneo pana la gari kutokea likikosa kona, changarawe au lami, kisha safu za matairi na ukuta. Bahari iko upande mmoja, mtaa wa West Bank umekaribia. Nafasi utaitoa wapi? Ukiweka vizuizi vya kupunguza kasi, umeua saketi yenyewe.

Nyanda za Juu: Na chumvi? Mwanalami kasifu hewa nzito, kaacha kutaja inabeba nini.

Fundi wa Tanga: Chumvi ndiyo adui kweli. Bodi ya nyuzi za kaboni ikigusana na aluminiamu, maji ya chumvi yakaingia kati, panakuwa kama betri: aluminiamu inaliwa, unga mweupe unatokea pembeni ya rivet (pini ya kuunganishia). Dawa ni kutenganisha kwa tabaka la fibaglasi kabla ya kufunga. Kila jioni suuza kwa maji yasiyo na chumvi, shinikizo dogo, lisisukume chumvi ndani ya beringi. Kausha kwa hewa, pulizia mafuta ya kuzuia kutu kwenye viungio vya umeme. Vya umeme kwanza, maana soketi ikiota kutu ya kijani gari linazima na hakuna atakayeona sababu.

Bandarini: Na mchanga? Bahrain, 2004, walipulizia gundi kwenye mchanga wa kandokando ili upepo usiupeleke kwenye lami.

Fundi wa Tanga: Gundi inashika mchanga mkavu wa jangwani. Wa ufukweni una unyevu na chumvi, na ukishatua kwenye lami unakaa kama ngozi nyembamba. Kufagia peke yake hakuutoi. Unaosha, unasubiri ikauke, magari yanapita taratibu kusafisha mstari wanaoufuata madereva. Nje ya mstari bado panateleza kama barafu. Anayetaka kupita gari jingine anapita huko.

Mwanalami: Saketi ya Jeddah, Saudi Arabia, iko kando ya bahari na watu wanapitana kila mwaka.

Nyanda za Juu: Jeddah ni kilomita 6.174. Unalinganisha na 3.92?

Mwanalami: Urefu unasafisha mchanga?