Fundi anasema diski imekufa, lakini faili zote zinafunguka. Nimwamini nani?

MamaRehema, Tanga

Wakuu habarini, na wakubwa shikamooni.

Nina kompyuta ya mezani nyumbani, Windows 10, yenye diski mbili: SSD (diski isiyo na sahani za kuzunguka) yenye Windows, na diski ya kawaida ya TB 1 ambayo ina picha za familia na sauti za marehemu baba nilizozitoa kwenye kaseti. Siku hizi nikifungua folda ya sauti, mashine inaganda kwa muda, halafu inaendelea kama hakuna kitu. Kwenye Event Viewer, ile kumbukumbu ya matukio ya Windows, nimekuta maonyo namba 153 na 129 yamefuatana, na hilo la 153 linataja Disk 1.

Fundi wa mtaani kayaona hayo, kasema diski imekufa, ninunue nyingine na ya zamani nimwachie. Nimeweka CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, inasema Good (nzuri). Kwenye orodha yake ya vipimo, 05, C5 na C6 zote ni sifuri, ila C7 imeandika 0000000001A4. Kaseti zenyewe zimeshaliwa na ukungu, sina pa kurudia. Naombeni msaada.

FundiKombo

Pole mama. La kwanza, nakili sauti za mzee kwenye diski ya nje leo leo, kabla hujagusa kitu kingine. Na diski usimwachie mtu.

Sasa tusome ulichoandika, maana umetoa maelezo mazuri kuliko wengi. Hakikisha kwanza tunazungumzia diski ileile. Windows inaanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo Disk 1 ni ya pili. Fungua Disk Management, orodha ya diski ndani ya Windows, uone namba hiyo ni ya nani. Nimeshaletewa diski isiyo na ubovu iliyong'olewa kwa sababu mtu alidhani Disk 1 ni ya kwanza.

Namba 153 maana yake Windows iliomba kusoma au kuandika, ikashindwa, ikarudia. 129 ni pale ilipongoja jibu bila kulipata, ikaamua kuirudisha diski mwanzo. Huko kungoja ndiko kuganda unakokuona. Hakuna kati ya hayo mawili linalosema diski ni mbovu. Yanasema mawasiliano yalikatika tu.

Ufunguo ni hiyo C7. Data inaposafiri kati ya diski na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) hubeba namba ya uhakiki, na ikifika hailingani, inatumwa upya na C7 inapanda kwa moja. Hiyo 1A4 imeandikwa kwa heksadesimali (hesabu za msingi wa 16), kwa kawaida yetu ni 420. Diski inayooza sahani zake huanza kulalamika kwenye 05, C5 na C6, yaani hesabu za sekta (vipande vidogo vya diski) zilizobadilishwa, zinazosubiri kuhakikiwa na zilizoshindikana, na zako ni sifuri. Mimi namshuku waya wa SATA, ule unaopitisha data hiyo. Zima, chomoa umeme, fungua kasha utazame nyuma ya diski: mara nyingi utakuta waya umekunjwa kwa nguvu na kifuniko, au kile kiulimi cha chuma cha kushikia hakipo, ukiugusa unacheza. Weka mpya, na uuchomeke kwenye tundu jingine la mazabodi.

Usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kutafuta sehemu mbovu za diski, sasa. Njia ikiwa mbovu, inaweza kuandika sehemu zisizo na tatizo kuwa ni mbovu.

BabaAlly_Mza

Nakubaliana na Kombo, ila msisahau umeme. 129 huletwa pia na pawa saplai iliyochoka, au ile waya ya kugawa umeme kwa diski mbili. Na siku C5 ikipanda baada ya umeme kukatika, dada usikimbilie kutupa diski. Sekta iliyokatishwa katikati ya kuandikwa haisomeki, lakini ikiandikwa upya mara nyingi inapona na C5 inashuka.

FundiKombo

Kweli kabisa. Ila C5 inayopanda wakati umeme umetulia, hiyo siisamehi.

MamaRehema, Tanga

Nimerudi. Disk 1 ndiyo hiyo ya TB 1. Sauti na picha zote ziko kwenye diski ya nje sasa, zilihama kwa kukwamakwama lakini zimefika, nimesikiliza chache ziko safi. Waya ulikuwa umebanwa na kifuniko kama ulivyosema, na upande wa mazabodi haukuwa na kiulimi. Nimeweka mwingine, nikanakili folda nzima tena kwa majaribio: haikuganda, na 153 mpya hakuna. Lakini C7 bado ni 1A4! Mbona haijarudi sifuri?

FundiKombo

Haitarudi. Hesabu hiyo haifutiki, diski itakaa nayo maisha yake yote. Unachoangalia ni kama inaongezeka. Iandike mahali, ukifika mwisho wa mwezi uilinganishe.

Ikibaki hapo, endesha jaribio refu la diski yenyewe kwa amri ya programu ya smartmontools: smartctl -t long, ukimalizia na jina la diski. Kwa TB 1 litachukua saa kadhaa, kwa hiyo zima kwanza mpangilio wa kompyuta kulala, la sivyo linaweza kukatika katikati. Matokeo yatazame kwa smartctl -l selftest, uyabandike hapa tuyasome pamoja.