Uji kwanza au neno kwanza? Machalii wa stendi wameniweka njia panda

Mama_Ndoo (Ngarenaro, Arusha)

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina jambo linaninyima usingizi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mistari.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina genge la mbogamboga, na usharikani niko kikundi cha diakonia, yaani cha kuhudumia wenye shida. Tangu mwaka juzi kila Alhamisi saa tatu usiku tunatoka watu sita au saba kwenda upande wa stendi na kule sokoni wanakolala wale wasio na pa kulala. Tunabeba ndoo mbili za uji, mikate, na blanketi kama Mungu amejalia. Kazi yangu ni ndoo: kupika, kubeba, kugawa, kuosha. Kuhubiri sijajaliwa. Hiyo ni kazi ya mwinjilisti wetu, kijana mzuri tu, ana moto.

Utaratibu ni huu. Tunawakusanya, pambio mbili, neno dakika 20 (zikizidi ni 40), anayetaka kuokoka ananyoosha mkono, anaombewa, anaandikwa daftarini, ndipo uji. Sikuwahi kuuhoji. Hata nyumbani kwetu Machame hakuna aliyegusa kijiko kabla baba hajasema amina.

Sasa Alhamisi iliyopita baridi ilikuwa ile yetu ya Julai, upepo unashuka kutoka Meru kama umetumwa. Mwinjilisti akaita, mikono 14 juu! Mwenzetu wa daftari anaandika huku machozi ya furaha yanamlenga. Yuko kijana mmoja mimi namwita Kofia, maana tangu nimjue sijawahi kuona nywele zake. Naye kanyoosha, ila macho yako kwangu, yaani kwenye ndoo. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Kofia, si uliokoka mwezi wa tano wewe?" Akanijibu taratibu kabisa, "Mama, mimi nimeokoka mara tano tangu Pasaka. Hata wale wa Jumanne wananiandika. Uji unapoa."

Nilicheka mpaka nikageukia ukutani. Nilipofunua ndoo, uji ulikuwa umeshika utando juu, unaweza kuuinua kwa vidole kama kitambaa. Njiani kurudi sikucheka tena.

La pili ni blanketi. Mwezi wa sita tulichangishana tukagawa 22, kila moja nimelishona uzi mwekundu pembeni kwa mkono wangu ili nijue ni ya kwetu. Jumamosi yake napita soko la Kilombero kufuata nyanya, naliona linauzwa, uzi wangu huo hapo, buku tatu! Mwenyekiti wetu kasema basi, blanketi mwisho, hawa watu hawasaidiki.

La tatu ndilo zito. Wengi pale ni vijana wa miaka 17 mpaka 25, na wazee wawili watatu. Lakini kaja mtoto. Anasema ana miaka 12. Meno yake ya mbele bado yana makali ya msumeno kama ya mwanangu wa darasa la tatu, kwa hiyo hiyo 12 kaazima. Amekuja mara mbili, anakaa mbali na wenzake, anakunywa haraka. Nataka nimchukue tu nije naye nyumbani. Baba watoto anasema nisithubutu.

Nishaurini. Mwinjilisti nimwambie nini bila kumvunja moyo? Blanketi tuache? Na mtoto?

Mzawa_Themi

Mnalea uvivu tu. Vijana wana nguvu kuliko mimi. Wapeni jembe wakalime, waache kudeka.

Mama_Ndoo

Walime wapi baba, kwenye lami ya stendi?

Fundi_Soli

Shikamoo mama. Mimi ni fundi viatu hapa Unga Limited. Nimelala stendi hiyohiyo miaka minne nikiwa dogo, kwa hiyo ngoja niongee, halafu huyo wa jembe nitamjibu siku nyingine.

Blanketi. Mama, nikuulize, asubuhi saa kumi na moja unapoamshwa na makonda, hilo blanketi unaliweka wapi? Huna kabati wala mlango. Ukitembea nalo mchana unaonekana mwizi, ukilificha mtaroni ukirudi hulikuti, na usiku wa pili mkubwa wa maskani analitaka. Kwa hiyo chalii mwenye akili analiuza asubuhi ileile angali nalo mkononi. Buku tatu ni wali maharage, na kesho yake chai na chapati. Ile ni hesabu tu, mama, usidhani anawadharau.

Halafu baridi ya kulala nje haitoki juu, inatoka chini. Saruji inakunyonya. Sisi tulikuwa tunatandika maboksi matatu manne, ukipata ya friji umepata kitanda cha mfalme, halafu unaingia ndani ya kiroba miguu kwanza. Mkitaka kuwasaidia na baridi leteni masweta, kitu cha kuvaa. Na soksi. Mama, hakuna mtu anayeleta soksi! Soksi haikabwi, haiuziki, na chalii mwenye miguu ya joto analala.

Lingine dogo: uji wenu una ndimu na pilipili manga? Wanaovuta gundi wana vidonda mdomoni na puani. Mimi nilikuwa nasubiri mpaka upoe kabisa, watu wakidhani nina adabu.

Maana nilivuta, sifichi. Gundi ileile ninayobandikia soli leo. Mpaka sasa nikifungua kopo nasimama mlangoni, upepo uwe nyuma yangu. Watu wanadhani ni starehe. Ukivuta njaa inakaa mbali na baridi inakaa mbali, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo ukimhubiria mtu dakika 40 tumbo likiwa tupu, kuna anayevuta hapohapo chini ya koti ili aweze kukusikiliza. Nimefanya.

Kuhusu neno. Vikundi vilivyopita kwangu sina hesabu, na daftarini niliandikwa majina matatu tofauti. Mtu ninayemkumbuka ni mzee mmoja katekista. Alikuja siku isiyo na ndoo, mkono mtupu, akaniuliza kama boksi lina nafasi, akakaa. Suruali ya kanisani, kwenye boksi! Akaniuliza kwetu wapi. Nikamdanganya Singida. Wiki ya pili akaja kuniuliza habari za Singida, ikabidi niendelee kudanganya, mpaka nikachoka mwenyewe nikamwambia ni Babati. Nilipokatwa mguu na chupa alinipeleka hospitali ya Mount Meru, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Zilipita kama miezi minane ndipo akaniuliza kama huwa ninasali. Nilimjibu nini, hiyo stori ndefu.

Na lokapu nimelala mara mbili, kosa langu kulala.

Mwanasheria_Mtarajiwa

@Fundi_Soli hilo la mwisho limenigusa. Kanuni ya Adhabu yetu ina vifungu vya uzururaji tulivyorithi kwa Mwingereza, ambavyo mtu anaweza kukamatwa kwa kuonekana tu hana kazi wala makazi. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zizifute au zizirekebishe. Walioyaomba maoni hayo ni chama cha mawakili wa Afrika, PALU. Mahakama hiyo makao yake ni hapahapa Arusha, na PALU nao wapo hapahapa. Ni maoni ya ushauri, hayafungui mlango wa lokapu usiku huo. Lakini kikundi kinachotoka kila wiki kikiyajua kinaweza kusimama mbele ya mgambo na kuongea kwa heshima, badala ya kukusanya ndoo na kuondoka.

Abuu_Levolosi

Assalaam aleikum na Bwana asifiwe, nisije nikaambiwa nabagua.

Mama Ndoo, hao mikono 14 wengine ni wetu, nakuhakikishia. Nawajua kwa sura, Ijumaa baada ya swala wako nje ya msikiti. Huyo Kofia wako kwetu anaitwa Ramadhani! Sikukasirika, nimecheka nikamwaga kahawa.

Sisi mwezi wa Ramadhani tunatandika majamvi nje, anayekuja anakaa, tende, uji, tambi, sambusa, hakuna anayeulizwa dini wala kafunga au hakufunga. Nilikuwa natamba kwa hilo. Ila nikikumbuka vizuri, mwezi ukiandama tunakunja majamvi na habari yao imeisha mpaka mwaka mwingine. Siku 30 wanakula kama mabwana harusi, siku ya 31 hakuna anayewajua. Sasa wewe na daftari lako na mimi na jamvi langu, sijui nani atamcheka mwenzie.

Nimepiga hesabu ya juma. Jumanne wapo walokole, Alhamisi nyie, Ijumaa sisi, Jumapili mchana kuna kikundi kinaleta pilau na kamera (mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto unapiga picha). Jumatatu, Jumatano na Jumamosi hakuna kitu kabisa. Kuna usiku wanashiba na usiku wanalala na maji. Mimi niko tayari kuzungumza na vijana wetu wachukue Jumatatu. Nyie wambieni wa Jumanne waongeze Jumatano. Mbingu hazitafungwa.

Mama_Ustawi_Mstaafu

Mdogo wangu Mama Ndoo, nijibu la mtoto, maana wengine wamelikimbia. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 26.

Usimchukue nyumbani. Najua moyo wako ni mweupe, lakini ukimpeleka mtoto wa watu kwako kimyakimya, kesho akitokea mjomba na polisi huna cha kujitetea, na mtoto mwenyewe hajui kama amekuja kwa wiki au kwa maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na inamtaka yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya eneo hilo. Kwa hiyo wewe umeshajua. Anza na afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Ukiona hatari ya usiku huohuo, dawati la jinsia na watoto polisi. Na ipo namba 116, ya watoto, kupiga ni bure. Ofisi ndiyo inayomtafutia ndugu, na ndugu wasipopatikana kuna familia za kumlea kwa utaratibu. Kama unamtaka kweli, omba kuwa familia hiyo.

Lakini msikilize na huyu mzee wa kazi: usimlete afisa kwa gari na kitambulisho shingoni. Mtoto wa stendi ananusa ofisi mita mia. Atahama na hutamwona tena. Mimi nimewapoteza wawili hivyo, mmoja kwa kuvaa tu viatu vya mchuchumio. Mwache kwanza akuzoee wewe wa ndoo.

Na lile daftari linalala kwa nani? Majina ya watoto na walipolala si karatasi ya kufungia vitumbua.

Mwisho, mkisikia mtu anakohoa zaidi ya wiki mbili, anakonda na kutoka jasho usiku, mpelekeni akapimwe kifua kikuu. Dawa ni bure, kawaida miezi sita. Kinachowashinda ni kumeza kila siku bila makazi, na hapo ndipo kikundi cha kila wiki kina maana kuliko hospitali yoyote.

Mama_Ndoo

Nimerudi. Shikamoo mama mstaafu, na wote asanteni (hata wa jembe).

Mwinjilisti nilimweleza Jumatatu, akanuna. Akasema uji bila neno ni hoteli. Nikamwambia sijasema bila neno, nimesema kabla. Tukavutana mpaka chai ikaisha. Mwishowe akakubali mara moja tu, tuone.

Jana tukamimina kwanza, bila pilipili, bila ndimu. Kunywa wakanywa, kisha 20 na kitu wakaondoka zao. Wakabaki tisa. Hakuita mtu kunyoosha mkono, alikaa kwenye ndoo iliyokuwa tupu akaanza kuuliza watu wanatoka wapi, kwanza kwa kujilazimisha, nilimwona. Kofia akabaki, akamuuliza eti Petro alipomkana Yesu mara tatu kwa nini hakufukuzwa. Wakabishana hapo karibu saa nzima mpaka mimi naosha vikombe. Ripoti ya kamati imeandikwa "waliookoka: 0", mwenyekiti hajafurahi. Daftari ninalo mimi, limo chini ya mchele.

Soksi tulipata jozi 31 za mtumba. Mtoto alikuja. Nikampa zake, akazigeuza akazivaa mikononi, akashika kikombe cha uji na soksi, hakuunguzwa. Nikamuuliza jina akaniambia. Kama ni la kweli sijui, na Singida yake nitaipokea hivyohivyo. Afisa wa kata nimemwona, dada mwelewa, Alhamisi ijayo anakuja na kanga kama mama wa mikate.

Abuu, Jumatatu yako nimeisema kikundini. Wawili wameguna, wanne wamecheka, tuongee.

Sasa nahitaji mtu wa kubeba ndoo ya pili, mgongo umegoma.

Fundi_Soli

Nitabeba mimi, mama. Nakuja na maboksi pia, dukani kwa jirani wanatupa.