Studio za video Moshi, acheni kututoza "kurenda upya" kwa maandishi yasiyohitaji kurendwa!

Wakuu, salaam.

Hili jambo la kuwekewa maandishi ya tafsiri kwenye video nimekaa nalo tangu Januari. Wiki iliyopita ndipo nilipojua kwamba haikuwa lazima yatukute yaliyotukuta, na toka hapo silali vizuri.

Desemba tulifanya jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazazi wetu, nyumbani Rombo. Walipanda wote, wa Dar, wa Mwanza, mpaka dada aliyekuwa hajakanyaga nyumbani miaka sita. Wenye kwao huku mnajua Desemba ilivyo: ukiikosa ile wiki, kuwakusanya tena ni mpaka mwakani, au mpaka msiba. Tukakodi studio moja ya hapa Moshi mjini. Jina silitaji. Kupiga walipiga vizuri, na tarehe 27 nikapewa kazi kwenye hadidisiki yangu: saa 2 na dakika 40, GB 6.8, picha safi kabisa.

Shida ni kwamba wazee wote waliongea Kirombo. Baba mkubwa alisimama na jani la isale mkononi, ule mmea wa mila kwetu Wachaga, akaeleza jinsi posa ilivyopelekwa, nani alibeba mbege, nani alikataa mara ya kwanza na kwa nini. Ukijumlisha wazee wote ni kama dakika 22. Wajukuu waliozaliwa Tabata na Mbezi walikaa pale wakipiga makofi tu kwa kufuata wengine. Basi mimi na mama tukakesha siku mbili, yeye anatafsiri, mimi naandika. Karatasi sita. Nia yetu ilikuwa mkesha wa mwaka mpya tujazane sebuleni, wajukuu waangalie huku wanasoma babu yao alisema nini.

Tarehe 29 nikapeleka karatasi studio. Jibu: "Kaka, hapo lazima tuweke maneno halafu video yote irende upya." Yaani kompyuta iitengeneze video nzima upya, mwanzo mpaka mwisho. Shilingi 180,000, nusu mbele, nije tarehe 31 asubuhi. Nikaja. "Bado inarenda, umeme ulikatika ikaanza mwanzo." Nikashinda pale kwenye benchi mpaka saa kumi na moja jioni, nikapanda gari ya Rombo mikono mitupu. Video nimeipata tarehe 9 Januari. Nyumba ilikuwa imebaki na baba, mama na mtoto wa jirani.

Na hiyo video yenyewe! Sura za wazee zimekuwa kama zimepanguswa na kitambaa chenye maji. Kutazama ukubwa, GB 2.9. Namuuliza, ananiambia alibana ili iingie kwenye flashi, maana flashi inakataa faili kubwa. Flashi iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili) kweli haipokei faili linalozidi GB 4, lakini dawa yake ni kuifomati kwa mpangilio mpya zaidi, exFAT, kazi ya dakika moja. Yeye akaona dawa ni kuharibu sura ya baba yangu.

Sasa wiki iliyopita nikampelekea kijana mmoja wa kompyuta pale jirani na stendi, nikitaka tu anisaidie kung'arisha picha. Akaniuliza swali moja: "Kwani kwa nini waliyachoma maneno ndani ya picha?" Ndipo akanifungua macho.

Video za siku hizi, kwa mfano hizi zinazobanwa kwa njia iitwayo H.264, iliyoanza mwaka 2003, hazihifadhi kila picha kamili. Inawekwa picha moja nzima, halafu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Kwa hiyo ukitaka herufi ziwe sehemu ya picha, kompyuta lazima ifumue, ichore, ifunge tena. Kwa picha 25 kila sekunde, video yetu ina picha 240,000, na kila moja ina nukta zaidi ya milioni mbili. Hapo naelewa mashine kuchemka. Na kila ukifumua na kufunga tena kuna kinachopotea, hasa ukibana hivyo.

Lakini nani kasema herufi lazima zichomwe kwenye picha? Hata DVD za zamani zilibeba maandishi yake pembeni ya picha, unayawasha na kuyazima kwa rimoti. Mafaili ya video ya MP4 na MKV yanaweza vilevile. Unafungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia ya Windows, unaandika namba, muda wa maneno kutokea na kupotea, kisha maneno yenyewe, hivi:

1
00:41:12,500 --> 00:41:17,000
Tulifika kwao alfajiri, hawakutufungulia.

Mstari mmoja mtupu, kisha namba 2, unaendelea. Unahifadhi kama UTF-8 (aina ya kuhifadhi herufi, unaichagua pale pale wakati wa kuhifadhi), jina lile lile la video, mwisho wake .srt. Ukiweka pamoja kwenye folda, programu ya kuchezea video ya VLC inayaonyesha yenyewe, na TV nyingi zinazosoma flashi zinayaonyesha pia. Ukitaka yakae ndani ya faili moja, programu ya FFmpeg ni ya bure, unaipa amri hii:

ffmpeg -i jubilei.mp4 -i jubilei.srt -c copy -c:s mov_text jubilei_maneno.mp4

Hilo neno "copy" ndilo lililoniuma. Maana yake picha na sauti zinahamishwa kama zilivyo, hakuna nukta inayoguswa. Kwa faili letu la GB 6.8 ilichukua chini ya dakika mbili, nimesimama pale pale kaunta. Kazi halisi ilikuwa kupanga muda wa kila sentensi, jioni moja hivi. Hiyo ningeilipia kwa moyo mweupe.

Najua kuna mahali pa kuchoma. Kipande cha kuweka status WhatsApp, lazima uchome. Sawa, choma kipande hicho. Na hata kama ningetaka yachomwe kwenye video yote, maneno yalikuwa dakika 22, yaani picha 33,000. Zipo programu zinazorenda sehemu iliyoguswa tu na kunakili nyingine zote. Hizo picha 207,000 nyingine, za sherehe na kwaya, zilifumuliwa za nini?

Ninachotaka nimekipeleka kwao, na nakirudia hapa: nirudishiwe 90,000 yangu, na mteja mwingine akija aulizwe kwanza, unataka maandishi ya kuchoma au ya kuwasha na kuzima. Aambiwe tofauti ya muda na ya bei. Sisi hatujui haya mambo, ndiyo maana tunawalipa. Ule mkesha wa sebuleni hauna risiti ya kudai.

NYONGEZA: Kuna fundi kajibu hapo chini kwamba wateja wa kijijini hawawezi mambo ya kuhangaika na rimoti, ndiyo maana wanawachomea. Mama yangu ana miaka 71. Jumapili nilimpelekea flashi yenye video ile ya kwanza na faili la maneno, nikamwonyesha kitufe mara moja. Jioni ananipigia kuniambia kwamba kwenye dakika ya 58 nimekosea kuandika jina la shangazi yake. Nimelisahihisha kwa Notepad.