Yah: MPH au Epi? Na bahasha ya transkripti bado haijatoka

Kutoka: Atupele, Minneapolis
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Wakubwa shikamoni, rika langu mambo. Ugonile kwa wa kwetu, kamwene kwa wa Iringa.

Nina siku kumi na moja. Nimekubaliwa vyuo viwili, vyote kuanzia Agosti. Kimoja ni MPH, yaani masta ya afya ya jamii, mchepuo wa sera na uongozi wa afya, hapa hapa mjini. Kingine ni MS ya Epidemiolojia, yaani masta ya takwimu na mwenendo wa magonjwa, mwendo wa saa tano kwa gari. MPH ni kredi 42 na hakuna msaada hata senti. Epi wamenipunguzia nusu ya ada, mwaka wa kwanza tu. Mwisho wa kujibu ni tarehe 15 kote kuwili. Mume wangu ni F-1, viza ya mwanafunzi, amebakiza miaka miwili ya PhD. Mimi ni F-2, viza ya mwenza wa mwanafunzi, mtoto ana miaka minne. Kabla ya hapa nilikuwa bibi afya Rungwe miaka mitano, yale ya kukagua vyoo vya shule na mabucha.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Maombi nilipitisha SOPHAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya afya ya jamii, kwa nakala za kawaida, lakini I-20, fomu ya chuo ya kuombea F-1, haitoki mpaka transkripti halisi ifike kutoka chuoni nilikosoma, bahasha imefungwa na muhuri umegongwa juu ya gundi. Kaka yangu ameshatoka Tukuyu mara tatu kuifuata. Mara ya kwanza mhusika yuko semina. Mara ya pili mfumo uko chini. Jana ameambiwa mwenye cheti aje mwenyewe na kitambulisho. Kaka akauliza, huyu yuko Marekani, aje vipi? Dada wa dirishani akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Kwani hana likizo?"

Maswali mawili basi. Nichukue ipi? Na kuna aliyewahi kuchukuliwa transkripti na ndugu, alitumia karatasi gani?

Naomba kuwasilisha.

---

Kutoka: Gwamaka, Houston
Ijumaa, 4 Aprili

Pole mdogo wangu. Nakwambia ukweli hata kama unauma: MPH ni digrii ya watu ambao tayari wana kazi. Mke wangu aliianza, akaiacha katikati, akasoma unesi. Leo anachagua shifti anayotaka na nyumba tumenunua. Soma unesi.

Halafu F-2 haruhusiwi kusoma kabisa. Usije ukamharibia mumeo.

---

Kutoka: Sekela, Atlanta
Jumamosi, 5 Aprili

> F-2 haruhusiwi kusoma kabisa

Kaka Gwamaka, kwa heshima zote, hilo si kweli na si mara ya kwanza unaliandika humu. Tangu 2015 F-2 anaruhusiwa kusoma nusu muda. Asichoruhusiwa ni muda kamili. Kwa hiyo Atu lazima ahamie F-1, ama kwa I-539, fomu ya kubadili hadhi akiwa hapa hapa, ama atoke akaombe viza Dar. I-539 inaweza kukaa miezi, na muda wote huo haanzi masomo ya muda kamili. Ndiyo maana bahasha ya kaka yake si jambo dogo: bila transkripti hakuna I-20, bila I-20 hakuna I-539.

Atu mdogo wangu, achana na majina ya digrii kwanza. Waandikie waratibu wote wawili swali moja: programu yenu imesajiliwa kwa CIP namba gani, yaani ile namba ya serikali ya kuainisha fani? Epidemiolojia ni 26.1309, Biostatistiki ni 26.1102, na zote zimo kwenye orodha ya STEM, fani za sayansi na teknolojia. Afya ya jamii ya jumla ni 51.2201, haimo. Ukimaliza na 26.1309 una OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, ya miezi 12 na unaweza kuomba 24 juu yake. Ukimaliza na 51.2201 una 12 tu, baada ya hapo mwajiri akuombee H-1B, viza ya kazi, au ufungashe. Na usidanganywe na kichwa cha kozi. Kuna MPH ya mchepuo wa Epi ambayo chuo kimeisajili 26 na kuna ambayo kimeisajili 51, na kwenye tovuti zinafanana kama mapacha.

Mimi niligundua nikiwa nimeshalipa. I-20 ilikuja kwa posta, nikaifungua nimesimama kwenye ngazi za nje, nikaangalia jina na tarehe ya kuzaliwa, nikaipiga picha nikamtumia mama kule Mwanjelwa. Ile namba iko ukurasa wa kwanza, pembeni ya jina la fani. Niliisoma kwa makini miezi kumi na minane baadaye, afisa wa wanafunzi wa nje akiniwekea kidole juu yake. 51.2201. Idara ya afya ya kaunti nilikokuwa najitolea walinitaka, ila habari za H-1B hawakutaka kuzisikia. Nimebaki nchi hii kwa sababu niliolewa, si kwa sababu ya MPH.

Angalia na CEPH pia, wale wanaothibitisha kozi za afya ya jamii. MPH iliyopitishwa na CEPH lazima ikupeleke kwenye mazoezi ya kazi kabla hujamaliza. MS kwa kawaida unaandika tasnifu na unapikwa kwenye programu za takwimu, SAS au R. Kwa mtu aliyekwisha kukagua mabucha miaka mitano, mazoezi ya kazi yatakufundisha nini?

---

Kutoka: Baba Neema, Reading
Jumamosi, 5 Aprili

Marekani mnajitesa tu. Uingereza MSc ni mwaka mmoja, hakuna CIP wala nini, ukimaliza una Graduate Route miaka miwili unafanya kazi popote. Mimi nilikuja 2009 na familia yangu yote. Atu njoo huku na mtoto.

---

Kutoka: Tumaini, München
Jumapili, 6 Aprili

Baba Neema, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya darasani haruhusiwi kuja na mume wala mtoto. Yaani ushauri wako ni amwache mtoto wa miaka minne Minneapolis. Na hujamtajia IHS, ada ya matibabu ya wenye viza, £776 kwa mwaka kabla hata ya tiketi.

---

Kutoka: Baba Neema, Reading
Jumapili, 6 Aprili

Nimesema NILIKUJA 2009. Someni kabla ya kujibu. Vijana wa Ujerumani mna adabu za ajabu.

---

Kutoka: Tumaini, München
Jumapili, 6 Aprili

Shikamoo baba. Nimesoma. Yeye anakwenda 2025.

Atu, Ujerumani nako kuna masta za afya ya kimataifa kwa Kiingereza, Heidelberg kwa mfano, na DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, wana ufadhili wa EPOS kwa watu wenye uzoefu wa kazi kama wewe. Bila ufadhili utaonyesha yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa ndipo upewe viza. Lakini kwa Agosti hii umechelewa, sitakudanganya.

Nilichotaka kusema ni kingine. Kabla sijaja huku nilifanya kazi kwenye utafiti Mbeya, kati ya watu wa NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, na LMU, chuo kikuu cha huku München. Kazi yangu ilikuwa kubandika lebo kwenye vichupa vya damu. Saa moja asubuhi, mwezi wa saba, ukungu umefunika mlima Loleza mpaka chini, vidole vimekufa ganzi na lebo hazishiki. Nilibandika maelfu. Mwisho wa siku namba zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa anajua tumegundua nini. Sisi wengine tulikuwa tunasubiri kuambiwa habari za kwetu wenyewe.

Angalieni matokeo ya THIS, utafiti wa VVU Tanzania, wa 2022/23: VVU kitaifa asilimia 4.4, Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Ni sisi hao. Nani wa kwetu anakaa mbele ya ile kompyuta? Kwa hiyo mimi kura yangu ni Epi.

---

Kutoka: Mzee Chengula, Toronto
Jumatatu, 7 Aprili

Watoto wangu, nawasoma kila siku ila huwa siandiki.

Huyu binti Tumaini ametaja Njombe kwa namba, mimi naijua kwa majina. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu karibu na Makambako, pale malori ya Tunduma yanapolala. Tulikuwa tunazika Jumanne, tunazika Ijumaa. Darasani kwangu watoto arobaini na wawili, nikawa nawauliza nani analelewa na bibi, mikono inapanda mpaka naacha kuhesabu. Halafu dawa zikaja, za bure, watu wakainuka vitandani, wakarudi kulima viazi. Dawa zile kwa sehemu kubwa zililipiwa na Wamarekani. Januari mwaka huu wakasimamisha kwa karatasi moja. Mpwa wangu alikuwa mshauri wa tiba kwenye mradi huko, aliambiwa asubuhi, jioni akarudisha pikipiki na funguo.

Sasa ninyi mnabishana 26 na 51. Nani atamwajiri huyu mtoto akirudi? Miradi imefungwa. Na huko Marekani kwenyewe, wiki iliyopita si wamepunguza watu elfu kumi wizara ya afya?

Ingekuwa nina uraia pacha ningerudi leo kufa Njombe kwenye baridi yangu. Wanatupa eti hadhi maalum. Hadhi maalum ni kitu gani? Mgeni wa heshima nyumbani kwako?

---

Kutoka: Gwamaka, Houston
Jumatatu, 7 Aprili

Mzee shikamoo. Hilo la uraia pacha nakuunga mkono mia kwa mia. Sisi tunatuma hela, tunajenga, tunasomesha, halafu uwanja wa ndege tunapanga foleni ya wageni. Ndiyo maana nasema watoto wasome unesi, unesi haufungwi kwa karatasi ya mtu.

---

Kutoka: Baba Neema, Reading
Jumanne, 8 Aprili

Hadhi maalum ni hatua. Mnataka kila kitu kwa siku moja. Sheria ya uraia haijabadilishwa, mnamlaumu nani?

---

(Barua kumi na tisa za uraia pacha nimezihamishia uzi wake. Msimamizi.)

---

Kutoka: Tusekile, Columbus
Jumatano, 9 Aprili

Jamani, kuna mtu amemjibu huyu dada swali la bahasha?

Atu, mimi yalinikuta. Andika barua ya idhini, taja jina la kaka yako kama lilivyo kwenye NIDA yake, namba yako ya usajili na mwaka uliomaliza. Isaini mbele ya mthibitishaji, pale benki yako huwa wanaye, mara nyingi bure. Ambatanisha nakala ya pasi. Itume kwa barua pepe ya ofisi NA umpe kaka nakala iliyochapwa, kwa sababu watasema hawajaiona. Aombe kontroo namba ya malipo siku hiyo hiyo, asitoke pale bila kontroo namba. Na kabla hawajafunga bahasha aombe kuona jina lako. Langu walikuwa wameandika Tusekelege.

Kuhusu MPH na Epi sijui, mimi nilisoma uhasibu.

---

Kutoka: Sekela, Atlanta
Alhamisi, 10 Aprili

Mzee Chengula, nimekusoma mara mbili. Baba yangu alizikwa Igawilo mwaka 1998, dawa hazijafika.

Ila Atu asidhani nyumbani wanaangalia mambo kama sisi. Kule ukisema MPH hata karani wa masjala anaelewa, ndiyo ya waganga wakuu wa wilaya. Ukisema MS ya Epidemiolojia utaulizwa kama ni ya maabara. Vyovyote iwavyo cheti cha nje kitapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Kwa hiyo kuna swali hatujamuuliza: mdogo wangu, unataka kurudi au unataka kubaki?

---

Kutoka: Atupele, Minneapolis
Jumatatu, 14 Aprili

Ndaga fijo wote. Dada Tusekile, Mungu akuweke. Kaka alikwenda Ijumaa na barua, wakasema hawajaiona, akatoa ya kuchapwa. Kontroo namba wakampa saa nane, akalipa kwa simu amesimama pale pale dirishani. Bahasha imefungwa. Muhuri amegonga yule yule wa likizo. Jina aliliomba kuliona, likaletwa, liko sawa ila wameniandika mwanaume. Wakarekebisha kwa mkono na kugonga muhuri mwingine juu. Sijui kama huku wataikubali. Iko njiani Dar na basi la usiku.

Waratibu: wa Epi amejibu ndani ya saa moja, 26.1309. Wa MPH ameniuliza CIP ni nini.

Dada Sekela, swali lako nilimsomea mume wangu mezani jana. Akaweka kijiko chini. Hajajibu, nami sijajibu. Mtoto ndiye aliyesema anataka kwa bibi kwenye ng'ombe. Kurasa zote mbili ziko wazi kwenye kompyuta, kesho saa sita usiku zinafungwa.

---

Kutoka: Gwamaka, Houston
Jumatatu, 14 Aprili

Tunakuombea. Samahani kuchomekea: kuna mtu anatoka Mbeya mwezi wa tano? Mama amenifungia usipa wa Matema, kilo mbili tu, umekauka vizuri haunuki.